Romedia na Zabibu za Darini

Romedia alizaliwa kwenye bonde la matufaa, na huko kwao sheria ya ghala ni moja: tunda likionyesha doa, litoe kabla halijawaambukiza wenzake. Alianza kuchambua akiwa na miaka sita. Alipoolewa huku kwetu karibu na ziwa Toblino, akiwa na ishirini na saba, vidole vyake vilikuwa vinahisi kuoza hata kabla macho hayajaona. Huo ndio ujuzi aliokuja nao, na ndio uliokaribia kumtia aibu mbele ya ukoo mzima.

Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, mshona nguo. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinisimulia mwenyewe tukichambua maharage barazani pake.

Harusi ilikuwa masika ya mwaka 1956. Wiki tatu baadaye mumewe, Elvio, alirudi Uswisi alikokuwa akichimba mahandaki. Romedia akabaki na baba mkwe wake, Mzee Quirino, mjane mwenye maneno machache na masikio yanayosikia yote. Nyumba ya tatu kutoka pale aliishi wifi yake, Ersilia, binti mkubwa wa mzee, mwanamke wa nguvu aliyepiga hodi akiwa tayari amekwisha kuingia.

Mzee Quirino alikuwa mtu wa Nosiola. Hiyo ni zabibu nyeupe ya hapa kwetu, na sisi wenyewe hatukuwa tunaisifu. Divai yake ya kila siku ni nyepesi. Unaweza kuinywa na samaki wa ziwani, ukasahau kama umeinywa. Watu wengi walikuwa wanaing'oa na kupanda zabibu nyekundu zinazozaa bila kubembelezwa. Lakini Nosiola ina tabia yake ya siri. Itandaze juu ya chanja za matete darini mwezi wa Oktoba, iache inyauke mpaka Juma Kuu, kisha ikamue: inatoka divai tamu, nzito, ile tunayoiita Vino Santo. Kati ya Oktoba na Pasaka ndipo watu hupata vidonda vya tumbo.

Vuno la kwanza, Romedia alichuma kichala kikubwa kuliko vyote akampelekea mzee kwa furaha.

"Hicho nini?" mzee akauliza.

"Kichala, baba. Tazama kilivyoshiba."

"Kimeshiba, ndiyo. Kimebanana kama watu kanisani usiku wa Krismasi. Upepo utapita wapi hapo?" Akakitupa kwenye kapu la divai ya kawaida. Akakata kingine, chembamba, punje zake zimeachana kama meno ya mtoto. "Hiki. Punje moja haigusani na mwenzake. Hivi ndivyo vinavyopanda juu."

Ersilia alikuwa safu ya pili, akacheka mpaka akashika kiuno. "Pole, wifi. Hapa si kwa matufaa. Hapa kizuri ni kile ambacho kwenu mngempa nguruwe."

Darini Romedia hakuruhusiwa kupanda. Ngazi ilikuwa ya mzee peke yake. Alipanda asubuhi, akapanda tena baada ya adhuhuri, saa ile Ora inapofika. Ora ni upepo wetu, unaopanda bondeni kutoka ziwa kubwa la kusini. Mzee alikuwa akifungua madirisha, akiyafunga, akishuka na harufu tamu kwenye koti lake, na hasemi lolote.

Mwaka wa pili, zabibu zilikuwa na wiki tatu tu darini mzee alipopatwa na kiharusi. Alianguka jikoni, kijiko cha ugali kikiwa bado mkononi. Daktari alikuja kutoka mjini, akasema mzee ataishi, ila upande wa kulia umekwenda, na kauli imekwenda nayo. Kilichobaki kinywani ni sauti moja tu, "aa", aliyoitumia kwa njaa, kwa hasira, na kwa habari za hali ya hewa.

Siku ile baada ya adhuhuri Ora ilianza kugonga mbao za madirisha juu. Mzee akaanza kutapatapa kitandani, "aa, aa," mkono wa kushoto ukinyooka kuelekea dari. Romedia alielewa. Akachukua ufunguo wa darini kwenye mkanda wa mzee, akapanda kwa mara ya kwanza.

Alikuta chanja zimepangwa ghorofa juu ya ghorofa, kama vitanda vya kambi ya askari, na juu yake zabibu maelfu, rangi ya nta. Alifungua madirisha ya upande wa ziwa. Upepo ukapita kati ya vichala, navyo vikatoa mchakacho mdogo kama wa majani makavu. Alisimama pale, aliniambia, akahisi kama ameingia chumba cha wagonjwa ambao hajui hata mmoja anaugua nini.

Siku ishirini zilikwenda salama. Mwanzoni mwa Desemba akaona kuvu.

Kulikuwa na punje zilizogeuka hudhurungi, zimekunjana, na juu yake manyoya ya kijivu. Alikaa chini na ndoo, na vidole vyake vya utotoni vikaanza kazi: ng'oa, tupa, ng'oa, tupa. Asubuhi nzima. Alipojaza ndoo aliishusha jikoni aimwonyeshe mzee jinsi alivyokuwa macho.

Mzee Quirino alitazama ndani ya ndoo. Uso ukamwiva. Akatoa sauti ambayo niliisikia mimi nikiwa kwenye cherehani upande wa pili wa ukuta, nikaacha kushona. Alipiga ndoo kwa mkono wa kushoto, zabibu zikatawanyika sakafuni, kisha mzee akalia machozi, mdomo umepinda.

"Baba, nimekosa nini?" Romedia alipiga magoti. "Zimeoza! Ningeziacha ziambukize nyingine?"

"Aa! Aa!"

"Sielewi, baba. Nifundishe basi. Nifundishe hivyo hivyo."

Mzee alitulia kidogo. Akainama kwa shida kutoka kitini, akaokota punje moja, ya hudhurungi, yenye manyoya ya kijivu. Akaitia mdomoni. Akaokota ya pili kama hiyo, akamsogezea mkaza mwanawe midomoni.

Fikiria mtu aliyelelewa akichukia kuvu. Romedia alifumba macho akapokea. Akaniambia kwanza alisikia vumbi. Halafu utamu ukaja, si utamu wa sukari bali wa asali iliyokaa, na aprikoti zilizokaushwa, na mwisho kabisa ladha ya zile kokwa za kahawia tunazookota msituni, zikichomwa. Watu husema ndizo zilizoipa Nosiola jina lake. Alifumbua macho. Mzee alikuwa tayari ana punje nyingine mkononi, yenye manyoya ya kijani kibichi. Akaiweka ulimini, akaitema sakafuni kwa kelele.

"Ziko mbili," Romedia akasema polepole. "Kuvu ni mbili. Moja inaijenga, moja inaiua."

"Aa," mzee akasema, akaegemea kiti akiwa hoi.

Tangu siku hiyo Romedia alipanda na kushuka na punje kwenye sahani, mara kumi kwa siku. Mzee alionja, au alinusa, au aligeuza uso. Hivyo Romedia akajifunza kwamba ya kijivu mwanzo wake hauonekani kabisa, inaanzia ndani, na ngozi hubadilika rangi kwanza. Akajifunza kwamba ya kijani hupenda mahali punje mbili zinapobanana. Akaona pia kuna nyingine, nyeupe, yenye harufu ya siki, na hiyo mzee hakutaka hata iletwe karibu.

Lakini ile ndoo iliyomwagika, Ersilia alikwisha kuisikia. Kijiji chetu ni kidogo.

"Wifi," alisema akivua kitambaa cha kichwa, "hebu tuseme ukweli. Baba ni mgonjwa. Kaka yangu hayupo. Wewe mwaka jana hukujua hata kuchuma. Mimi naona tupeleke zote kwa mtu wa mtambo wa grapa, azichemshie pombe kali, wakati bado zina maana. Pasaka utakamua siki."

"Baba hataki."

"Baba amekwambia?" Ersilia alitabasamu vibaya. "Kwa ulimi gani?"

Elvio alikuja Krismasi, amekonda, kikohozi cha vumbi la mahandaki kifuani. Alimsikiliza dada yake, akamsikiliza mkewe. Walikaa mezani, mzee kwenye kiti chake pembeni, anawatazama mmoja mmoja.

"Romi, nisikilize," Elvio akasema. "Baba akiwa mzima ni sawa. Sasa nani anajua kazi hii? Wewe?"

"Najua nusu."

"Nusu! Nusu ya kujua inaumiza kuliko kutojua kabisa."

"Basi baki wewe. Panda wewe darini, mimi niende Uswisi nikachimbe."

Elvio aliangalia mikono yake. Mwishowe akasema: "Mpaka siku ya mishumaa, tarehe mbili Februari. Ikifika siku hiyo na kuvu ya kijani bado inakwenda, Ersilia aje na mkokoteni. Sitaki ubishi tena." Na baada ya mwaka mpya akaondoka.

Januari ilianza kwa baridi kavu, nzuri. Romedia akaanza kulala vizuri. Tarehe ishirini na tatu ukungu ukapanda kutoka ziwani, vuguvugu, mzito, ukakaa. Ora haikuja siku hiyo. Haikuja kesho yake wala keshokutwa. Mashuka yangu yalikaa kwenye kamba siku tatu yakawa mabichi kuliko nilipoyaanika.

Darini, kuvu ya kijani ilikimbia kama moto kwenye nyasi. Asubuhi Romedia alisafisha chanja moja. Jioni ilikuwa imerudi kwenye chanja hiyo hiyo na ya jirani. Siku ya nne alishuka amevaa aproni iliyojaa punje mbovu, akapiga magoti mbele ya mzee.

"Baba, nifungue madirisha? Nikifungua, ukungu unaingia. Nikifunga, zinachemka zenyewe kwa zenyewe. Nifungue?"

Mzee akageuza macho darini.

"Nifunge?"

Mzee alimtazama muda mrefu. Kisha akainua bega lake la kushoto, akalishusha.

Hapo ndipo, aliniambia Romedia, hofu ilipomshika kwelikweli. Mpaka siku ile aliamini jibu lipo, limefungiwa tu ndani ya kichwa cha mzee. Sasa akaona halipo. Maisha yake yote mzee alikuwa hajawahi kukaa siku nne bila Ora.

Alikuja kwangu akaketi bila kuvua viatu. "Kwenu mnaanikaje nguo ukungu ukikaa?"

"Hatuaniki. Tunangoja."

"Mimi sina muda wa kungoja," akasema, akaondoka na leso zangu sita.

Alizilowesha, akazikamua, akazitundika darini, moja kila dirisha, tatu upande wa ziwa, tatu upande wa mlima, na madirisha wazi kidogo. Asubuhi akazigusa. Za upande wa ziwa zilikuwa zinadondoka. Za upande wa mlima zilikuwa karibu kukauka. Alfajiri hewa baridi ilikuwa inateremka kutoka kwenye miamba, kavu, kwa saa mbili au tatu, kabla ukungu haujaamka. Haikuwa upepo, hata mshumaa usingetikisika. Ila ilikuwepo.

Basi akaamua. Alfajiri anafungua upande wa mlima. Jua likipanda anafunga kila kitu. Na zile chanja zilizobanana akazipunguza: alishusha vichala na kuvitandaza chini, sebuleni, juu ya meza, juu ya masanduku, juu ya kitanda chake cha ndoa, kwenye mashuka yake ya harusi. Jikoni pekee hakuweka, kwa sababu ya moshi. Yeye mwenyewe alilala kwenye benchi. Nilikwenda kumsaidia siku mbili, nikashindwa na mgongo. Tulikuwa tunakata punje moja moja kwa mkasi wangu mdogo wa nyuzi.

Ukungu haukuondoka.

Tarehe mbili Februari, saa nne asubuhi, nilisikia magurudumu. Ersilia alikuwa amekuja na mkokoteni wa nyumbu, mapipa wazi manne na wanaume wawili. Aliingia, akaona zabibu zimelala hadi sebuleni, akapiga makofi.

"Yesu na Maria! Umeifanya nyumba ya mama yangu zizi!"

"Wifi, karibu."

"Usinikaribishe kwetu. Leo ni tarehe mbili. Kijani imekwisha?"

Romedia angeweza kusema uongo. "Haijaisha," akasema. "Imepungua mwendo."

"Haijaisha. Wenzangu, pandeni."

Mzee Quirino akapiga fimbo sakafuni, "aa!", na wale wanaume wakasita. Ersilia akamgeukia baba yake, sauti ikamkatika katikati. "Nyamaza, baba! Miaka arobaini na miwili nimezaliwa nyumba hii. Nimekuchumia zabibu tangu nina nguvu za kushika kisu. Siku moja tu, siku moja, uliniambia panda uone? Mtoto wa kike hapandi, ulisema, atatia uchachu. Halafu huyu wa matufaa anapanda! Miezi mitatu anapanda!"

Mimi nilikuwa mlangoni, sikujua niingie au nirudi nyuma.

Romedia alifuta mikono kwenye aproni. "Dada," akasema. Hakusema wifi. "Kumbe hujawahi kuziona?"

Ersilia akaangalia ngazi.

"Panda kwanza. Wewe peke yako. Ukishuka ukasema zipakiwe, mimi mwenyewe nitashika kapu."

Walipanda wawili. Tulibaki chini na wale wanaume, nyumbu akikwaruza mawe nje, na mzee macho yake yameganda kwenye dari, akifuata nyayo: sasa wako dirisha la mlima, sasa chanja za kati, sasa wamesimama. Wamesimama muda mrefu mno. Nilihesabu mishono ya mkono wa gauni langu mpaka nikachoka.

Romedia alinisimulia yaliyotokea juu. Ersilia alitembea kati ya chanja bila kugusa, kama mtu aliye makaburini. Akanusa. Romedia akamchumia punje ya hudhurungi, kavu, akampa. Ersilia akaila. Akageuka dirishani, mabega yakaanza kutikisika. Kisha akauliza kwa sauti kavu, "Ile ya kijani inaanzia wapi?"

"Hapa, zinapobanana."

"Una mkasi mwingine?"

Akainama juu ya ngazi akawafokea wanaume waliokuwa chini: "Nendeni zenu! Mnangoja nini? Na huyo nyumbu mpeni maji!"

Siku tatu mfululizo wanawake wale wawili walikaa darini, wakigombana. Ersilia alikuwa mkali mno, anakata hata zilizo nzima. Romedia alikuwa mwoga sasa wa kukata. "Unaionea huruma! Hiyo imekufa!" "Haijafa, nusa vizuri!" "Nimenusa, imekufa!" Mtaa mzima tulikuwa tunasikia.

Tarehe tano, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nje nachota maji. Kitu kikanigusa shingoni. Nikatazama ziwani, nikaona maji yamekunjana upande wa kusini, na ukungu unachanika kama kitambaa kibovu. Kabla sijapiga kelele, juu yangu madirisha ya upande wa ziwa yalikuwa tayari yanafunguliwa, moja baada ya jingine, kwa vishindo.

Jumatano ya Juma Kuu walikamua. Theluthi moja ya zabibu ilikuwa imepotea. Zilizobaki zilikuwa nyeusi na kavu hata shinikizo la kukamulia lilianza kulia kabla tone la kwanza halijatoka, na lilipotoka lilikuwa zito kama mafuta ya zeituni ya taa ya kanisani, likashuka taratibu. Mikokoteni miwili ya Oktoba ilitoa lita themanini na moja. Romedia alichukua kijiko, akampelekea mzee. Mzee alikaa na ule utamu mdomoni muda mrefu, macho kafumba. Kisha akachukua kijiko mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akakichovya tena, kikitetemeka na kumwagika, akamnyooshea binti yake Ersilia.

Mzee Quirino alifariki kiangazi cha mwaka uliofuata. Elvio alirudi moja kwa moja mwaka 1961, kifua kikiwa kimeharibika, akawa msaidizi wa mkewe darini. Alifungua madirisha alipoambiwa afungue. Romedia aliendelea na Nosiola majira ya baridi ishirini na tisa mengine, na mengi kati ya hayo Ersilia alikuwa naye. Wengine waliokuwa wameing'oa walianza kuja kumwomba vipande vya mizabibu wapandikize. Aliwapa, na akawaonya wasichume vichala vikubwa.

Pipa la mwaka ule wa ukungu walilifungua baada ya miaka sita. Kijiji kizima kilisema hakijawahi kuonja Vino Santo kama ile. Romedia peke yake hakukubali. Kila nilipokwenda kwake sikukuu alinimiminia kikombe kidogo, akaningoja nimeze.

"Umesikia pale mwishoni? Ukali mdogo, kama ncha ya sindano?"

"Sijasikia kitu, Romedia. Ni tamu."

"Upo," alisema. "Ndizo zile siku nne kabla sijaja kwako kuchukua leso."